Nyuma ya Nyangumi

Bukavu, Nguba
Jumanne, mwezi wa kumi

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Constance,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako Emile, na kutoka kwa mama, ambaye ameketi hapa barazani anachambua maharagwe bila kujua ninakuandikia nini. Kikohozi kilichomsumbua wakati wa kiangazi kimemwachia, Mungu asifiwe, na Jumapili alipanda mwenyewe hadi kanisani bila kushikwa mkono. Nawe je, yaya? Mgongo umepoa? Binti yako Bintu amezoea shule ya maternele, au bado anamlilia mwalimu amrudishe nyumbani? Firmin wa basi alituambia kwamba mvua imewahi huko Walungu na kwamba shule yenu imepata mabati mapya. Nilifurahi sana, kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa ukifundisha kusoma huku unasogeza ndoo kwa mguu.

Utashangaa kupokea karatasi kutoka kwa mtu unayeweza kumpigia simu. Simu nilijaribu. Juzi nilikupigia, ukaniuliza habari za safari, nikakuambia bahari ni kubwa, kisha nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao haukuwa mbaya. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasema huku anasikia mwenzake akipumua upande wa pili. Kwa hiyo nimempa Firmin barua hii mkononi, na ameniapia kwamba hataikabidhi kwa mtu mwingine. Tafadhali isome ukiwa umeketi, Bintu akiwa shuleni, na uisome mpaka mwisho hata kama katikati utataka kuiweka chini.

Acha nianze na mema, maana mema pia yalikuwapo.

Safari yenyewe ilitokea hivi. Unajua kwamba miaka hii yote nimekuwa nikipanda Kahuzi-Biega pamoja na wale wanaofuata nyayo za masokwe, nikipiga picha za pua zao, kwa sababu mikunjo ya pua ya sokwe ni kama jina lake, hakuna wawili wanaofanana. Mapema mwaka huu, katika mkutano mmoja Kigali, nilionyesha picha hizo, na mama mmoja wa Kenya, Daktari Kache, mtaalamu wa wanyama wa baharini, akanifuata baada ya chakula. Alinieleza kwamba wao huwatambua nyangumi kwa mkia. Upande wa chini wa mkia una madoa meusi na meupe, na kila mnyama ana yake. Mpiga picha wao alikuwa karibu kujifungua, na Daktari Kache aliniuliza kama ningeweza kushika nafasi yake kwa msimu mmoja, kule Watamu, pwani ya Kenya. Nilikubali kabla sijafikiri. Nyumbani mama aliniuliza nyangumi ndiye nani. Nikamwambia ni balene, yule aliyemmeza Yona. Akasema: “Basi usimukaribie kwa kinywa.”

Sisi tumezaliwa kando ya maji, yaya, lakini maji yetu yana mwisho. Ukisimama hapa Nguba, jicho linavuka ziwa, linafika kwenye milima ya Rwanda, linapumzika. Kule jicho linakwenda na halirudi. Asubuhi unaamka na chumvi midomoni kama mtu aliyelia usingizini. Siku ya kwanza nilikaa ufukoni nikitafuta ng'ambo, na hakukuwa na ng'ambo.

Sikukuambia kwenye simu kwamba siku hiyo nilikataa kupanda boti. Tangu boti ile ilipozama ikitoka kisiwani Idjwi, ikatuchukulia mwanao Joviale na baba yake Xavier aliyekuwa amekwenda kumchukua kwa bibi yake, mimi sikukanyaga tena chombo cha maji. Goma nimekwenda kwa barabara, hata wakati wa matope. Unajua sababu. Unajua ni nani aliyesimama ufukoni na kamera juma lile, akipiga picha za nyuso za watu waliotolewa majini ili familia ziweze kutambua watu wao. Ni mimi niliyemkuta Joviale. Xavier sikumkuta, na hakuna aliyemkuta. Tulimwombea misa bila mwili, tukasimamisha msalaba wake pembeni ya msalaba wa mtoto.

Kapteni wa boti yetu kule, mzee mmoja anayeitwa Kombe, hakunilazimisha. Alizima moteri, akakaa pembeni, akanisubiri kama mtu anayengoja chai ipoe. Nilipopanda hatimaye, vijana wake walikicheka Kiswahili changu. Nilikuwa nimesema “ile samaki iko mukubwa”, basi wakarudia siku nzima, iko mukubwa, iko mukubwa. Daktari Kache aliwakumbusha kwamba nyangumi si samaki, nao wakazidi kucheka. Kombe ndiye aliyewanyamazisha. Alisema lugha ikipanda mlima lazima ipumue kwa namna nyingine. Tangu siku hiyo nilimpenda mzee yule.

Juma la kwanza nilitapika. La pili niliacha kutapika, nikaanza kukosa picha. Nyangumi hamsubiri mtu. Kwanza unaona pumzi yake, moshi mweupe wa maji unaosimama juu ya bahari kisha unalala kwa upepo. Kombe anapunguza mwendo, kwa sababu ni mwiko kuwafukuza. Halafu kimya. Unainua kamera, mkono unachoka, unaishusha kidogo tu upanguse jasho, na hapo ndipo anaporuka. Nilirudi jioni na picha nyingi za maji yaliyoruka, na mnyama hayumo. Daktari Kache hakunilaumu. Alinionyesha jinsi ya kuweka kamera kifuani na kufungua macho yote mawili, kutazama bahari yote kwa pamoja, kusubiri mahali maji yanapokuwa laini kama mafuta, kwa sababu hapo chini mnyama amepiga mkia wake akienda juu.

Nilimuuliza kwa nini wanaruka. Mnyama mzito kuliko malori kadhaa, anatafuta nini hewani? Aliniambia kwamba hakuna anayejua kwa hakika. Wengine husema wanajikwangua wadudu wanaoshika ngozi. Wengine husema wanaitana, kwa sababu kishindo cha kuanguka kinasafiri mbali sana chini ya maji, na mwenzao aliyepotea anaweza kukisikia. Wanatoka kusini kabisa, kwenye bahari ya barafu, wanakuja kuzaa kwenye maji ya joto, kisha wanarudi na watoto wao. Kombe alisema sisi tuliosoma tunapenda kutafuta sababu, na kwamba yeye huwaona wanaruka hasa wakiwa wawili. Nililiweka neno lake moyoni.

Basi ikaja siku yenyewe. Upepo ulikuwa mdogo, bahari imetulia. Mbali kidogo nasi kulikuwa na boti ya wageni, yenye mstari wa kijani ubavuni, imejaa familia zilizokuja kutazama. Kombe akanyoosha kidole. Nikaona maji yamekuwa laini. Nikainua kamera, macho yote mawili wazi.

Yaya, alitoka mwili wote. Kwanza kichwa, cheusi, chenye vinundu, kisha koo lenye mistari kama matuta ya shamba lililolimwa vizuri, kisha mapezi yake marefu yaliyofunguka kama mikono ya padri altareni, na maji yakimtiririka pande zote. Nilimwona amesimama hewani. Najua hakusimama, lakini ndivyo nilivyomwona. Kisha akageuka kwa ubavu, akaanguka, na kishindo kikatufikia macho yakiwa yamekwisha kuona. Vijana wa Kombe, ambao wamewaona tangu utotoni, walipiga kelele kama watoto. Pembeni yake akatokea mdogo, mwana wake, naye akajaribu. Alitoa nusu ya mwili, akaanguka vibaya. Akajaribu tena. Mama yake akaruka tena, taratibu, kama anayeonyesha. Nililia, yaya, na huku nalia kidole kilikuwa kinabonyeza. Tangu juma lile la ufukoni nilikuwa sijapiga picha iliyonifurahisha. Hata pua za masokwe nilizipiga kama mtu anayegonga muhuri.

Kabla jua halijazama tulirudi ofisini kwa Daktari Kache, akachemsha kahawa, akaweka picha kwenye kompyuta. Alitaka kuona makovu ya pezi la mama nyangumi, alinganishe na picha za miaka iliyopita. Akazikuza moja baada ya nyingine. Alifurahi sana, akasema mnyama huyu aliwahi kupita hapo zamani bila mtoto.

Hapa ndipo nilipokuomba uwe umeketi.

Katika picha moja, nyuma ya nyangumi, boti ile ya mstari wa kijani ilionekana wazi. Watu wote waliokuwamo walikuwa wamesimama, midomo imefunguka, simu juu. Mtu mmoja tu hakumtazama nyangumi. Alikuwa amepiga goti, anakaza mkanda wa jaketi la kuelea la msichana mdogo, na uso wake ulikuwa umetuelekea. Nilimwomba Daktari Kache akuze upande ule. Alifikiri nimeona mkia mwingine. Akakuza. Kazi yangu ni kutambua nyuso, yaya, ndiyo iliyonilisha na ndiyo iliyonivunja. Niliona kovu kwenye nyusi ya kushoto, lile alilolipata siku alipokuwa anaezeka nyumba yenu. Niliona namna anavyouma ulimi pembeni mwa mdomo anapofunga kitu.

Ni Xavier. Mume wako yuko hai.

Pumua kwanza. Mimi pia ilinibidi nitoke nje, nikamwambia Daktari Kache kwamba kahawa imenizunguka kichwani.

Asubuhi nilimuuliza Kombe kuhusu mtu wa boti ile. Alisema huyo ni fundi wao wa moteri, wanamwita Kongo. Mpole, hanywi, haongei sana, anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, hana mke wala mtoto hapo. Akaongeza kwamba ana tabia moja inayowachosha wageni: hakubali boti iondoke kabla hajakagua kwa mikono yake mkanda wa kila mtoto, hata kama mzazi amekwisha kuufunga.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya moteri iliyofunguliwa, kama tulivyozoea kumkuta hapa bandarini, mikono imejaa grisi. Alipoinua kichwa hakukimbia. Aliweka spana chini polepole, akasema: “Emile. Bintu iko muzima?”

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Njiani nilikuwa nimejiandaa kumkumbatia au kumpiga, na sikujua ni lipi litatangulia. Lililotangulia ni kofi. Nilimpiga mbele ya watu, wala hakujikinga. Kisha tulikaa chini mchangani wote wawili. Nikamwambia ndiyo, Bintu ni mzima.

Sasa nakuandikia aliyonieleza, kwa mpangilio alioufuata yeye, wala sitaongeza kitu.

Boti ilipopinduka, alimshika Joviale kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika bidoni, dumu tupu la mafuta lililokuwa likielea. Umeuliza mara nyingi, yaya. Uliwauliza walionusurika, ukamuuliza abbé, padri wetu, ukaniuliza mimi niliyeuona uso wake: je, mtoto wangu alikuwa peke yake? Hakuwa peke yake. Alikuwa kwenye mkono wa baba yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwanzoni alilia, kisha akaacha. Akauliza kama viatu vyake vipya vimelowa. Xavier akamwambia vitakauka. Akamwomba baba yake aimbe, wakaimba ule wimbo wa kuhesabu vidole uliomfundisha wewe, na Xavier alikuwa anakosea makusudi ili mtoto amrekebishe, na mtoto alimrekebisha. Baridi ikazidi. Sauti yake ikawa ndogo. Akasema ana usingizi, akalaza kichwa shingoni mwa baba yake. Xavier anasema alijua mtoto alipoondoka, kwa sababu ngozi ya shingo yake ilisikia pumzi inakoma. Hakumwachia. Aliendelea kumshika hivyo hivyo mpaka mkono wenyewe ukafa ganzi, na mawimbi yakamchukua.

Wavuvi wa upande wa Rwanda walimtoa majini kulipopambazuka. Alilala kwa mmoja wao na homa, hajui kwa muda gani. Hapo ndipo alipowasikia watu wakitaja majina ya waliokufa, na lake likiwemo. Anasema alipolisikia, aliona ni kweli. Homa ilipopoa alitembea hadi mpakani, kwenye mto Ruzizi, akauona mji wetu ng'ambo, mabati ya Nguba yanang'aa, akageuka. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu, na maneno haya ni yake: “Ningeingia namna gani mu mulango, mikono mutupu? Constance alinipa mutoto. Nimurudishie nini?”

Nilimjibu kwa hasira. Nilimwambia kwamba mikono yake haikuwa mitupu, alikuwa na Bintu aliyekuwa bado ananyonya, ambaye alijifunza kutembea akishika kuta za nyumba isiyo na baba. Nilimwambia kwamba wewe ulikuwa na haki ya kumlilia mtoto wako pamoja na mtu uliyemzaa naye, na kwamba haki hiyo alikunyang'anya yeye, ziwa halikukunyang'anya. Hakubisha. Alisema ni kweli yote. Alisema kwanza alifikiri atakaa mbali kidogo tu, mpaka aweze kusimama, akafanya kazi ya ujenzi Kigali, kisha akafuata malori mpaka Mombasa, na kila mwaka uliopita uliufanya mlango ule uwe mzito zaidi. Nilimuuliza ilikuwaje mtu aliyeonja yale arudi kufanya kazi juu ya maji. Akasema mahali pengine popote hapati usingizi. Pale, akianguka mtoto, yeye yupo.

Sikumficha habari zako. Nilimwambia kwamba uliomboleza, kwamba ulihamia Walungu ili usilione ziwa, kwamba umekubali posa ya Jean-de-Dieu, mwalimu mwenzako, kwamba Bintu ameanza kumwita papa, yaani baba, na kwamba ndoa itafungwa kanisani kabla ya Noeli. Alipangusa mikono kwa kitambaa ingawa ilikuwa imekwisha kukauka. Kisha akaniuliza kama mtu huyo anacheka. Nilisema ndiyo, anacheka, tena kwa sauti. Akasema: “Ni muzuri. Constance anapenda mutu wa kucheka.” Halafu akaniomba kitu ambacho sikuweza kumpa. Aliniomba niseme sikumwona. Alisema mtu aliyekwisha kuombewa misa aachwe apumzike.

Sikumwahidi. Nilibaki kule mpaka msimu ulipokwisha, na kila siku nilipanda boti ya Kombe na kufanya kazi yangu. Nilipiga picha nzuri, yaya, Daktari Kache ameridhika na anataka nirudi mwakani. Waliruka mbele yangu mara nyingi, na safari hizo sikukosa. Lakini kila nilipokuza picha nilitazama kwanza nyuma, kwenye boti, kisha ndipo nikamtazama mnyama.

Nilifikiri sana kunyamaza. Nilijiambia kwamba furaha hii umeichuma kwenye miiba, nani amenipa ruhusa ya kuimwaga? Nilijiambia kwamba Xavier mwenyewe ameomba, na kwamba Watamu ni mbali, hakuna mtu wa Bukavu atakayepita pale. Niliporudi nilimkuta mama anashona kitambaa cha meza cha harusi, anaimba. Hapo nilikaribia kabisa kunyamaza. Kisha nikaiona siku yenyewe: wewe umesimama mbele ya altare, abbé anauliza kama kuna anayejua kizuizi, na mimi nimekaa kiti cha mbele, kizuizi kimo tumboni mwangu, nimevaa shati jipya. Sitaweza. Tena liko jingine kubwa kuliko hilo. Maneno ya mwisho ya Joviale ni mali yako. Siwezi kukupa hayo na kukuficha kinywa kilichonipa.

Mtu mwingine hajui. Mama hajui, abbé hajui. Daktari Kache anajua tu kwamba nilikutana na ndugu. Picha ile, katika kumbukumbu za kazi yao, imekatwa ukingo, kwa sababu wanachohitaji ni nyangumi. Nakala nzima ninayo mimi. Namba ya simu ya Xavier ninayo pia. Sikuvitia kwenye bahasha hii, kwa sababu karatasi ukikutana nayo huwezi kukataa kuitazama. Ukivitaka, niombe kwa kinywa chako mwenyewe. Usipovitaka, sitavitaja tena, na hakuna atakayekulaumu, hata mimi.

Sijui la kukushauri. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na leo natamani ungenifundisha hili pia. Naona jambo moja tu: Jean-de-Dieu alisikie kutoka kwako, na mapema, kabla kadi hazijagawanywa. Mtu anayekupenda vile hastahili kulisikia kutoka kwa watu. Mambo ya kanisa na ya sheria yatakuja baadaye, na nitakwenda nawe kokote yatakakotupeleka.

Siku niliyoondoka, Xavier alinisindikiza mpaka kwenye gari. Hakukutumia salamu. Nilimuuliza mara mbili. Alisema hajui neno la kuanzia, na kwamba neno likimjia atajua pa kulipeleka, maana sasa yuko mtu anayejua kwamba yu hai. Gari lilipoanza kuondoka alipiga dirisha langu kwa kiganja. Nilifikiri amebadili nia. Alitaka tu kunionyesha kwamba sijafunga mkanda.

Nitafika Jumamosi na basi la kwanza la Firmin. Ukitaka kunifukuza, nifukuze mlangoni, nitakwenda kukaa kwa jirani mpaka uniite. Ukitaka tukae tusiseme kitu, nitakaa. Nitakuletea sambaza kavu, dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu najua siku hizi utakuwa hupiki.

Wasalimie walimu wenzako, na yule mzee wa jirani anayekuchungia mbuzi. Mama anasema usisahau kumeza dawa za mgongo. Jean-de-Dieu msalimie vizuri, kama siku zote, kwa maana katika mambo haya hajamkosea mtu yeyote. Kwa Bintu sijui niandike nini. Mkumbatie tu, mwambie mjomba, tonton wake, amerudi.

Ndugu yako akupendaye,

Emile Murhula